Darubini ya Mama Dorine

Mama Donatille hakuwa mtu wa kuchukua kidogo pale ambapo kikubwa kipo. Sufuria, kitenge, kipande cha sabuni: kwake kubwa ndiyo kubwa. Basi Angèle, jirani yake mwenye duka la mitumba, alipomwekea mbele darubini mbili aazime moja mpaka jioni, ya kukuza mara nane na ya mara ishirini, alicheka sana.

"Hapo kuna kuchagua? Unipe ya vingt."

"Ya huit ndiyo nzuri kwa mukono, mama."

"Ya huit ni ya watoto!"

Akaegemeza viwiko kwenye meza ya duka, akaielekeza ile kubwa, ya ishirini, ng'ambo ya barabara, akasoma bango mpaka herufi zake ndogo kabisa. Basi tena, nani angemwambia kitu?

Siku hiyo binti yake Dorine alikuwa kwenye mashindano ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kuteremka kutoka Munigi hadi mjini. Msichana peke yake kati ya vijana wa kiume, tena juu ya chukudu aliyoichonga mwenyewe! Donatille alikuwa na mguu uliovunjika, ndani ya plasta, barabarani asingefika. Ila juu ya nyumba ya Angèle, pale mtaa wa Mapendo, palikuwa na sehemu tambarare ya kuanikia nguo, na kipande cha mteremko kilionekana. Kumwona mtoto wake akipita pale, hicho tu ndicho alichokitaka.

Walipompandisha juu, akaweka darubini machoni bila pa kuegemea, na dunia ikaanza kucheza. Mapaa yakarukaruka, barabara ikayumba, watu wakawa uji mtupu. Akapata mti, ukamponyoka. Akashusha darubini akaitazama mikono yake, mikono iliyoshona nguo za harusi za mtaa mzima, na hofu ikamwingia.

"Mikono yangu imekwisha," akasema, karibu alie.

"Imekwisha wapi!" Angèle akavua ile ya nane shingoni mwake. "Mukono ya kila mutu inatetemeka kidogo. Ile ya vingt inakuza kila kitu, na kutetemeka pia. Tena inaonyesha kipande kidogo tu. Shika hii."

Kelele zikapanda kutoka chini: wanakuja!

Donatille akashika. Barabara ikatulia, yote, ukingo hadi ukingo. Chukudu zilionekana ndogo, lakini kila moja ilikaa mahali pake. Vijana wamepiga goti juu ya chukudu zao, vumbi jeusi la volkano linawafuata, na katikati yao, Dorine! Amesimama wima juu ya ubao, kinywa wazi, anacheka kama aliyesahau kuwa haya ni mashindano. Mama yake akapiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakabweka.

Kisha mapaa yakawaficha wote, pamoja na mstari wa mwisho.

"Nani alikuwa mbele?" Angèle akamtikisa bega. "Mama, sema! Dorine ni wa ngapi?"

"Sijui," Donatille akasema, akifuta machozi kwa kitenge huku akicheka. "Wengine sikuwaangalia. Miye nimemuona mutoto wangu."