Pumzi za Mdogo Wake

Pale gereji walimwita Kioo, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Gari akishalipiga rangi yeye, ukisimama mbele ya mlango wake unajiona mpaka meno ya nyuma. Wateja walikuwa radhi kupanga foleni wamngoje, na ukiwaambia yupo fundi mwingine hana kazi, wanakutazama kama umewatukania mama.

Sasa fundi kama huyo, niambie, kwa nini uzee unamnyemelea bado anapulizia rangi chini ya mabati, kajifunga kitambaa puani? Aliacha shule darasa la tano, ndiyo sababu, wala tusizunguke mbuyu. Baba yao alipofariki, mmoja ilibidi akatafute riziki na mmoja abaki darasani. Akatafuta yeye. Mdogo wake wa kike akasoma mpaka akawa nesi, na kaka mtu hakuwahi kumtupia neno kwa hilo, isipokuwa utani tu. Kila akimwona na sare nyeupe anampigia saluti: "Shikamoo, daktari!" Na nesi naye hana dogo: "Marahaba, mjukuu wangu, hujambo?"

Pale gereji dawa ya kifua ilikuwa maziwa. Kila asubuhi bosi aliwagawia mafundi wa rangi paketi moja moja, tena kwa moyo mweupe, maana naye enzi zake za ufundi alipewa hivyo hivyo. Unakunywa, maziwa yanaikusanya rangi kifuani, yanatoka nayo. Walivyoamini! Nesi alipomwambia kaka yake kwamba maziwa yanakwenda tumboni, na tumbo na mapafu hayana hata dirisha la kusalimiana, Kioo alicheka mpaka akakohoa.

"Mbona mimi nikinywa napata nafuu?"

Mikebe ya rangi ilikuwa na maonyo, ndiyo, herufi ndogo kama chawa, na lugha yenyewe ya kigeni. Nani angeyasoma pale? Jambo hili linanikera mpaka leo. Barakoa zenye vichujio waliziona kwenye picha, wakasema hayo ni mambo ya kujidekeza.

Kifua kikaanza kumbana. Mkewe alilalamika kwamba siku hizi mumewe analala amekaa, kama abiria. Hilo lilivumilika. Lililomtisha ni siku alipokatika pumzi katikati ya boneti, akasimama kukohoa, na rangi haina subira, ikaacha alama. Mwenye gari hakuiona. Kioo aliiona, akaifuta yote, akaanza upya, na usiku ule hakula.

Ndipo ikatokea nafasi kwenye kiwanda cha kuunda mabasi. Kule rangi hupigwa ndani ya chumba kilichofungwa, mafeni yanavuta hewa chafu, kila fundi ana barakoa yake ya maana, na ukiugua unatibiwa. Miaka yote mlango ule ulikuwa wa wenye vyeti. Safari hii msimamizi alikuwa amekwama kwa kukosa fundi, akaambiwa habari za Kioo, akaja mwenyewe kuona kazi yake. Kioo akafanya jaribio, akapita. Kikabaki kipimo cha afya tu, na zahanati ya kiwanda ilikuwa na nesi mmoja. Ndiye huyo huyo, mdogo wake.

"Vuta pumzi yote," nesi alimwambia, akimshikisha bomba la karatasi ngumu lililounganishwa na mashine, "halafu puliza kwa nguvu mpaka nikuambie basi."

Akapuliza. Kwenye kioo cha mashine mstari ukainuka kidogo, ukalala. Akarudia, kikohozi kikamkata. Akarudia tena. Nesi hakutania wala hakusema kitu, na Kioo akajua mambo yameharibika, maana huyu mtu hanyamazi bure.

"Sema bwana."

"Kifua chako kimekwisha, kaka. Kimebaki nusu, kama si chini ya nusu."

Kioo akautazama mlango. Ulikuwa umefungwa.

"Hii mashine inajua nani kapuliza?"

Nesi alimwelewa palepale. "Usiniambie hivyo."

"Puliza wewe. Mara moja tu. Nikikosa hapa narudi kule chini ya mabati. Hapa angalau kuna barakoa. Nisaidie nife polepole." Alitaka iwe utani. Hakucheka mtu.

"Kifua kikishachomwa na rangi hii hakitaki hata harufu yake. Barakoa haitakurudishia kitu. Siku moja utaingia mle ndani kwa miguu yako, utolewe umebebwa, na wa kukupokea ni mimi."

"Na nikiacha rangi nifanye nini? Wewe ukiacha unesi kesho, una cheti. Utauza dawa, utafundisha, utakaa ofisini. Mimi cheti changu ni huu mwili. Nikienda kuomba kazi nitaonyesha nini?"

Nesi akaanza kulichomoa lile bomba la karatasi kwenye mashine. Kioo akaona hivyo, hasira ikampanda, na neno alilolimeza maisha yake yote likamtoka.

"Hizo pumzi ulizonazo, mdogo wangu, nimezilipia mimi."

Papo hapo alitamani ardhi ipasuke. Nesi aliinama, akafungua kabati, akatoa bomba jipya la karatasi, akalipachika kwenye mashine, akakaa wima. Moyo wa kaka mtu ukaruka: amekubali! Nesi akavuta pumzi, akapuliza.

Mstari ukapanda. Ukapanda tena, ukapita pale ulipoishia wa kaka yake, ukazidi kwenda, na nesi bado anapuliza tu. Kioo, aliyekuwa ameketi hafanyi lolote, alichoka kwa kutazama. Kisha nesi akamgeuzia mashine, ile mistari miwili ikionekana pamoja.

"Huu wangu. Huu wako. Mwanaume mzima, kifua kipana hivyo, ulitakiwa uwe juu yangu."

Kioo akaisogelea mashine. Pale gereji wote walikohoa, wote walihema wakipanda ngazi, naye siku zote alidhani ndivyo mtu mzima anavyokuwa. Akauwekea kidole mstari wa mdogo wake, akaufuata mpaka mwisho.

"Kumbe watu wanapumua hivi?"

"Ndivyo, kaka."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Hapo nesi akashindwa kujizuia, akalia waziwazi. "Ni kweli umezilipia. Sema neno moja tu, niandike wangu. Haki ya Mungu, nitaandika."

Na angeandika. Kioo alimjua mdogo wake tangu akiwa anabebwa mgongoni. Alijua pia kwamba siku atakayoanguka mle chumbani, binti huyu hatakuwa nesi tena, na wala hatapata usingizi. Alimngoja mpaka akamaliza kamasi zake.

"Andika wangu," akasema.

Nesi akaandika. Kioo akafunga vifungo vya shati. Kesho atakula nini, hakujua. Mkewe atamwambia nini, hilo nalo hakujua. Alikuwa na hofu ya mtoto mdogo aliyepotea sokoni, na hakuwa na haja ya kuificha mbele ya mtu huyu. Alipofika mlangoni akasimama.

"Kesho nitakuletea wenzangu wa gereji."

"Walete. Nitawaeleza vizuri, kaka, nitawaambia kuhusu—"

"Usiwaeleze. Ulinieleza mimi miaka mingapi?" Akashika kitasa, akavuta pumzi ile iliyokuwepo. "Kaa hapohapo ulipokaa. Puliza wewe kwanza, waone."