Mlango wa Nyuma ya Jiko

Mhandisi Rabab aliitwa kupanga upya sebule ya Hatem, ofisa wa forodha wa bandari ya Iskandaria, lakini alikataa kuchora hata mstari mmoja kabla hajaizunguka nyumba yote. Alipima kuta kwa tepu, akaangalia jua linaingilia wapi, akauliza nani huamka kwanza na nani hulia chakula wapi.

"Mko wangapi humu?"

"Wanne," alijibu Hatem. "Mimi, mke wangu, na watoto wawili."

Mkewe, Ingy, aligeuka akajifanya anapanga vikombe.

Hatem alitaka sebule ya kupokelea wakubwa wake wa kazi. Viti vyenye nakshi za dhahabu vilikuwamo tayari, vimefunikwa mashuka, havikaliwi na mtu ila mgeni.

"Na mlango huu?" Rabab aliuliza walipofika nyuma ya jiko.

"Aa, stoo tu hiyo. Takataka tupu, utachafuka bure."

"Takataka nazo zinataka pahali pake, ndugu yangu," Rabab alicheka, akausukuma.

Kando ya mashine ya kufulia palikuwa na kitanda chembamba. Mzee mmoja, amevaa koti lake la zamani la udereva wa tramu, alikuwa ameketi juu yake, kaziba mdomo kwa leso. Alipowaona, kikohozi alichokuwa akikibana kikamtoka, kikamtikisa mabega.

"Mnisamehe," alisema alipopata pumzi. "Nilijitahidi kunyamaza."

Uso wa Hatem uliwaka moto.

"Huyu... huyu ni baba yangu."

Rabab hakumtazama. Alichutama mbele ya mzee. "Haji, na wewe nakuuliza kama nilivyowauliza wenzako. Humu unalala vizuri?"

"Vizuri mno, binti yangu! Mwenyewe nilikiomba chumba hiki. Mwanangu alikataa kabisa, nikang'ang'ania. Mashine inanipa joto."

Ulikuwa uongo mtupu, nao ulimchoma Hatem kuliko tusi. Angetukanwa, angejibu. Sasa alisimama mlangoni, mwanamume mzima, hajui mikono aiweke wapi.

"Mhandisi," alisema mwishowe, "vile viti tutaviondoa. Mpimie baba kitanda kule sebuleni, penye dirisha."

"Sasa wakubwa zako watakaa wapi?" mzee aliuliza kwa wasiwasi.

"Watakaa na wewe, baba. Au wasije."

Mzee alihamia sebuleni kabla baridi haijaisha. Kila asubuhi Hatem humpelekea mkate na maharage, naye humshukuru kwa maneno mengi, kama mgeni aliyelala nyumbani kwa watu. Hatem huitikia huku macho yake yako sakafuni.