Mkono Uliosafishwa

Bahasha ilifunguliwa mbele ya kamati ya wafanyakazi, na mpiga pasi akauona mkono wake ukiwa mzima.

Ilikuwa picha ya siku ileile aliyoungua. Shoga yake alimpiga picha hiyo kwa simu akiwa na sare ya dobi, mashine ya pasi ya mvuke imefungwa nyuma yake. Lakini palipokuwa na malengelenge na nyama nyekundu, sasa palikuwa na ngozi laini ya bibi harusi.

Meneja alitabasamu. "Si nilisema? Siku hiyo hana hata mchubuko. Hilo kovu ni la jikoni kwake, anatubambikia sisi."

Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani, alimtazama mpiga pasi kwa huruma iliyouma kuliko tusi. Akampa saa moja alete maelezo. Akishindwa, anafukuzwa kazi kwa kosa la uongo, baada ya miaka kumi na moja ya kunyoosha mashuka ya watu.

Mpiga pasi alivuka barabara kwa hasira hadi studio iliyochapisha picha ile. Alijikasirikia pia: bahasha alikuwa nayo tangu juzi, hakuifungua kwa kuogopa kuliona tena lile donda.

Mwenye studio watu humwita Malaika, kwa kuwa hakuna atokaye kwake na chunusi. Ukimpelekea picha ya babu, anakurudishia mjomba. Haulizi, mkono wake umeshazoea.

"Nilikuambia uifanye nini hii?"

"Niikuze, niichapishe."

"Donda langu liko wapi?"

Malaika alicheka, akingoja ahsante. "Dada yangu, nani anataka kuonekana vile? Tena hiyo kazi nimekufanyia bure."

"Nipe ile ya mwanzo."

Kicheko kikamkauka. "Niliihifadhi hii juu yake. Ya mwanzo imepotea. Kwenye simu si ipo?"

Simu ya shoga yake ilikuwa imetumbukia kwenye pipa la kulowekea mashuka wiki ileile picha ilipopelekwa studio, na haikuwaka tena. Mpiga pasi alimweleza hayo.

"Basi usijali," Malaika akavuta kiti kwenye kompyuta. "Nalirudisha sasa hivi. Ukitaka nalikuza kidogo, washtuke."

"Umenifanya mwongo bila mimi kujua. Sasa unataka niwe mwongo nikijua?" Alichomoa waya wa kompyuta ukutani. "Funga duka. Twende ukaseme ulichofuta."

"Nitachekwa mji mzima, dada."

"Wewe utachekwa. Mimi nafukuzwa."

Malaika alifunga duka.

"Huyu amepangwa," meneja alisema alipomwona akiingia mbele ya kamati. Mwenyekiti akamgeukia Malaika. "Fundi, ulifuta nini?"

Malaika alianza kwa kunong'ona, macho chini. Kisha ufundi ukamteka, kidole chake kikatembea juu ya picha. "Nilianzia hapa kwenye kiwiko. Malengelenge matano, moja limepasuka. Chini yake mistari mitatu ya kuungua, upana wa kidole, imelingana. Ila huu wa kati umekatika hapa, halafu unaendelea. Huo ulinitesa nusu saa nzima."

Kovu lilikuwa limeshaungana likawa baka moja, hata mwenye mkono alisahau kama kulikuwa na mistari. Kumbe hakuna aliyewahi kulitazama donda lake kama huyu aliyelifuta.

"Umewahi kuingia chumba chetu cha pasi?" mwenyekiti aliuliza.

"Sijawahi."

Mama yule alisimama, wote wakamfuata hadi chumba cha pasi. Kwenye mashine ya tatu, ile iliyomuunguza, mpiga pasi alifunua kifuniko. Ndani mlikuwa na vyuma vitatu vya kuzuia nguo zisinase, cha kati kimekatika. Mara mbili alikuwa amemwomba meneja kibadilishwe.

Meneja aligeukia mlango. Malaika akamsogelea mpiga pasi. "Nisamehe, dada."

Hasira ya mpiga pasi haikuwa imepoa hata kidogo. Alikunja mkono wa sare hadi begani, akauweka mkono wake karibu na vile vyuma.

"Sema tena," alimwambia. "Kwa sauti, meneja asikie. Anzia kwenye kiwiko."