Leso kwa Mwimbaji wa Moshi

Jumwa, jirani wa Husna pale Gazi anayefanya usafi katika hoteli moja ya Diani, alisema amemwona kwa macho yake mawili: mwanamke wa mwanga, hana miguu, anaelea juu ya jukwaa akiimba, na vijana wa Ukunda wanaruka kwa ule muziki wao wa kompyuta unaodunda mpaka vikombe vinatetemeka. Tena, alisema, yule mwanamke alimgeukia akamkonyeza.

"Na sauti, Husna, haki ya Mungu, ni ya mamako."

"Nawe Jumwa! Juzi ulisema umeona pomboo amevaa hereni."

"La pomboo niachie. Hili nenda kasikilize mwenyewe. Ijumaa yupo tena."

Husna hakucheka. Mamake, Bi Mwanamisi, alikuwa mwimbaji wa harusi, na toka Gazi hadi Msambweni harusi haikunoga bila yeye. Kabla hajafariki, kijana aitwaye Swabir alikuja na maikrofoni, akamwimbisha asubuhi nzima, akashukuru, akaenda zake. Nyumbani haikubaki sauti yake hata kwenye simu. Sasa Husna alipika chakula cha mtu mmoja, na kuna siku zilizokucha zikachwa pasi mtu kumwita jina.

Ijumaa akaenda hotelini. Jua lilikuwa bado halijazama. Akasimama pembeni, karibu na spika. Zikaanza ngoma, kisha mlio kama wa nyigu aliyefungiwa ndani ya debe, kisha mashine ikapuliza moshi, na ndani ya moshi akatokea binti mrefu wa buluu. Walimwita Lulu. Akafungua kinywa.

Jumwa hakuwa amedanganya. Ndiyo ile namna ya kuvuta pumzi kabla ya kupandisha sauti, ndiyo ile mikwaruzo ya koo lililopuliza kuni miaka mingi. Maneno yalikuwa ya mapenzi ya mjini, lakini koo lilikuwa la mamake.

Kwao, mwimbaji akikukuna humwachi hivi hivi. Unacheza hadi mbele, unamtuza leso begani, naye sharti akutaje ndani ya wimbo, wewe na wazee wako, watu wote wasikie. Husna akavua leso yake ya juu, akapita katikati ya vijana akicheza kwa mabega, pole pole, akapanda jukwaani, akamvika.

Leso ikapita begani, ikapita kifuani, ikaanguka sakafuni. Lulu akaendelea kuimba, macho mbele.

"Cheki huyo dada! Ni part ya shoo!" kijana mmoja alipiga kelele. Simu zikainuliwa, wakashangilia.

Husna alisubiri. Ubeti ukaisha, mwingine ukaingia. Jina lake halikuja.

Nyuma ya mashine, Swabir alivua visikizi masikioni. Alikuwa amemtambua.

"Dada Husna, samahani. Hashikiki huyo."

"Sikuja kumshika. Maneno anayoimba, nani humpa?"

"Mimi. Naandika hapa, yeye anaimba kwa sauti ile niliyoirekodi kwenu."

"Basi mwandikie Husna. Husna wa Mwanamisi, wa Gazi. Mara moja tu, Swabir. Nimeshamtuza."

Swabir aliutazama umati uliokuwa ukidai wimbo mwingine, kisha akatazama vidole vyake, vilivyotulia juu ya vitufe.