Karatasi ya Taji Mlangoni

Wakati wa Hali ya Hatari tulikaa kwenye shamba la mzungu kule Kabazi, mimi, mume wangu Nderitu na mama yake, Nyakio. Nderitu hakuwa na kibali kipya, na Mkikuyu bila kibali alipakiwa kwenye lori akarudishwa rizavu ya Wakikuyu. Wengine walipakiwa hivyo na hatukuwasikia tena.

Siku hiyo Nderitu alikuwa anakamua ng'ombe. Akaja mtu amevaa kaki, akatoa karatasi yenye picha ya taji.

"Amri ya Serikali. Nyumba yenye hii haiguswi. Leteni kondoo."

Mama alimfungua kondoo mwenyewe, tena akashukuru. Mimi nilikuwa nimesoma kidogo. Nikasoma neno SERIKALI, nikaona yatosha. Tukaipigilia mlangoni.

Askari walipokuja, wanaume wengine walikimbilia kwenye shamba la pareto. Nderitu hakukimbia. Alikaa tu akinywa uji, si mlango una taji?

Afande wao akaibandua karatasi, akacheka. "Nyingine tena! Mwenye kibali hainunui hii. Ni nyinyi msio nacho mnajitia alama wenyewe, sisi tunafuata tu kama kuku na mahindi."

"Lakini ni ya Serikali, afande," mama akasema.

"Serikali ndiyo mimi, mama. Huyo aliyewapa ni mwizi. Kujifanya Serikali ni jela, sheria iko. Tumeshika mmoja huko Subukia, kesho anasimama kortini Nakuru, na hatuna aliyemwona uso. Shahidi tukimpata, huyo hapandi lori."

Askari mmoja alikuwa ameshamshika Nderitu mkono.

"Ni huyu!" mama akasema. "Huyu ndiye aliyeipokea."

Nderitu hata kivuli cha yule mtu hakukiona.

Afande akamkazia Nderitu macho. "Utamtambua?"

"Nitamtambua."

"Ukidanganya korti, utalililia hilo lori. Vaa koti twende."

Tukaingia naye ndani. Mama akamfunga vifungo kama mtoto, akinong'ona kwa Kikuyu: "Mrefu. Mwembamba. Jino la mbele halipo. Ana kovu juu ya jicho."

"Jicho gani, maitu?" Nderitu akamuuliza mama yake.

Mama akanitazama. Na mimi nikamtazama yeye.

Nje wakapiga honi.