Bruchi ya Goreth

Nilistaafu kwenye ghala moja la Lackawanna, huku Marekani, nikiwa na mgongo mmoja tu, mingine niliiacha kule kwenye maboksi. Kwa hiyo nikisimulia jambo, punguzeni nusu. Hili la bruchi ya Goreth msipunguze kitu.

Shemeji Goreth, mjane wa kaka yangu Nestori, alikuwa aganduke, yaani aondolewe msiba, Jumamosi. Mwaka wa msiba umeisha, ndugu wanatoka Louisville na Columbus, hotuba zinasemwa, Fanta inanywewa, na mjane anavaa rangi tena. Akanunua bruchi, pambo la kubana kifuani, kwenye vitu vya zamani ambavyo watu wa Kenmore huvitandaza mbele ya nyumba. Ya kioo cheusi, imechongwa maua. Ukiielekeza juani inawaka.

"Minani, hii ilikuwa ya nini?"

"Ya malkia," nikasema. "Alicheza nayo muziki mpaka viatu vikashika moto."

Akaamini. Mimi mwenyewe nikaanza kuamini.

Ijumaa binti yake Dafroza, anayetunza wazee, akarudi kutoka kazini amenuna. Alikuwa amemwonyesha picha ya bruchi bibi mmoja wa miaka tisini na tatu.

"Baba mdogo, umemdanganya mama! Hiyo walivaa waliofiwa, miaka mia na hamsini iliyopita. Bibi kasema tufungue nyuma."

Tukafungua kwa kisu cha siagi. Ndani mlikuwa na kishungi cha nywele laini, rangi ya mahindi, kimefungwa uzi. Kwenye kifuniko wamechora: *Wetu. Miezi kumi na moja.*

Mama aliyezikata nywele zile ameshakuwa udongo, na mwanawe bado ana miezi kumi na moja.

"Kitupe, mama," Dafroza akanong'ona. "Ukivaa msiba kesho, baba mkubwa atasema umekataa kuganduka. Watakurudisha msibani mwaka mzima."

"Nimtupe mtoto wa mtu?"

Jumamosi Goreth akaingia na kitenge cha njano, bruchi kifuani. Kaka Revokatus wa Louisville, mkubwa wetu, akakatiza hotuba yake, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Goreth, hicho cheusi ni cha nini?"

"Ni mtoto, shemeji. Mama yake alikufa bado amemvaa, hakuna aliyemwondolea msiba. Naomba aondolewe pamoja na Nestori."

Revokatus akanigeukia.

"Minani, wewe hujui kukosa habari. Tuambie habari zake."

Nikasimama. Malkia alikuwa tayari mdomoni. Nikaitazama bruchi ile, nikammeza.

"Simjui," nikasema. "Alikuwa na miezi kumi na moja. Walimpenda."

Nikakaa. Revokatus akainua chupa yake.

"Msiba wa Nestori umekwisha. Na wa huyu mtoto umekwisha."

Goreth akaibandua bruchi, akaiweka mezani karibu na dirisha. Jua likaigonga, na kioo kile cheusi kikarusha miali mpaka darini. Watu wa Louisville, wa Columbus na sisi wenyeji tukainua vichwa, hakuna aliyekumbuka kunywa.