Mzee Aliyekaa Mbele ya Karakana

Fundi makochi alikuwa anavuta kitambaa kwenye mgongo wa kochi la mteja, goti amelikandamiza kwenye sponji, ofisa wa mji alipokuja kumwambia aondoe kila kilichokuwa mbele ya karakana. Pale ni hifadhi ya barabara. Palikuwa na makochi mawili mabovu, meza ya kukatia, na baba yake fundi, aliyekufa mwaka juzi.

Baba alirudi siku ya pili baada ya maziko, akakaa kwenye kochi la kushoto, na hajaondoka tangu hapo. Alifia kazini, misumari mdomoni, kama mafundi wote wanavyoishika ili mikono ibaki huru. Waliomwosha waliona mdomo umefumbwa vizuri, wakauacha. Kwa hiyo hasemi, anaguna tu.

"Shikamoo mzee," ofisa alimwambia.

Baba aliguna. Misumari ikalia kidogo.

Ofisa akamgeukia mwana. "Ijumaa nikija nisikute kitu hapa. Hiyo ni amri."

"Na mzee?"

"Naye pia."

"Si umwambie mwenyewe, bosi? Mmeshasalimiana."

Ofisa alimtazama mzee, kisha akatazama viatu vyake. "Mimi nimwinue mzee wa watu? Unataka nilaaniwe? Baba ni wako, malizaneni."

Alhamisi fundi na mkewe waliingiza meza na makochi ndani. Baba alibaki palepale, amekaa kwa kimo kilekile, chini yake hakuna kitu.

"Mwambie basi," mke alisema.

"Nimwambie baba yangu aondoke? Kwa mdomo gani?"

"Huohuo unaosema chai yangu haina sukari."

Fundi akachuchumaa mbele ya baba. "Baba, jua kali hapa. Huingii ndani ukapumzika?"

Baba aliguna, akanyoosha kidole kwenye mshono wa kochi la mteja. Ulikuwa umepinda. Fundi akaenda kuufumua.

Ijumaa askari walimchukua fundi. Kosa lilikuwa kukaidi amri halali ya ofisa wa umma. Hakimu alikuwa na mafua na hakutaka maneno mengi.

"Uliambiwa umwondoe?"

"Niliambiwa."

"Aliondoka?"

"Hakuondoka, mheshimiwa. Kwa nini asishtakiwe yeye?"

"Marehemu hashtakiwi." Hakimu alipenga kamasi. "Wewe ulimwamuru?"

"Nilimsihi. Baba haamriwi."

"Sheria haijataja kusihi."

Akampa miezi sita. Gerezani walimpa viti vya ofisi ya mkuu avitengeneze. Alishika misumari mdomoni, na siku nyingi hakusema na mtu.

Huku nyuma mji ulijenga njia ya waenda kwa miguu. Mafundi wa mji walipanga vigae mpaka miguuni pa baba. Alinyanyua miguu, wakapanga, akaishusha. Watu wakawa wanampita pembeni, wengine wanamwamkia, wengine wana haraka.

Njia ilipokwisha, ofisa alikuja kuikagua.

"Shikamoo mzee."

Baba aliguna.

Mke wa fundi alikuwa kwenye kigoda mlangoni, anapigilia kiti.

"Siku hizi karakana hii iko chini ya nani?" ofisa aliuliza.

Mke alijigusa kifuani.

"Basi mama, Ijumaa nisimkute mzee hapa."

Mke akatema misumari kiganjani. "Mwanawe wa kumzaa kashindwa. Mimi mkwe, hata kumtazama usoni naona haya, nitaanzia wapi?"

"Ni amri, mama."

"Nimesikia."

Akairudisha misumari mdomoni akamaliza kile kiti, maana mteja alikuwa anakuja kukichukua jioni. Kesho yake alifua nguo za watoto zote, akazikunja, akawapeleka na mfuko wao kwa dada yake. Dada aliuliza watakaa mpaka lini. Alimwambia mpaka baba yao atoke, au yeye, yeyote atakayetangulia.

Ijumaa alivaa viatu visivyo na kamba, maana mumewe alishamwambia kule gerezani kamba huchukuliwa. Akatoa kigoda nje, akakiweka kando ya mkwewe, akakaa.

Askari walipofika walimwamkia mzee kwanza.